Risasi zikipata unyevu: Kwa nini hupaswi kuzikausha mwenyewe

Mvua za bonde la Kilombero hazina utani. Kama unaishi Mngeta, kati ya milima ya Udzungwa na mbuga za mto, unajua masika yakishika inakuwaje: viatu vya ngozi vinaota ukungu uvunguni, chumvi inalowa koponi, misumari mipya inashika kutu kabla hujaigusa.

Sasa fikiria boksi la risasi limekaa juu ya kabati kwenye nyumba hiyo hiyo, miaka minne.

Wapo watu wanaomiliki bunduki kihalali, wakiwemo walinzi, wenye mashamba na wawindaji wenye vibali. Wengi wanajua kusafisha mtutu. Risasi zenyewe ndo zinasahaulika.

Kinachoharibika ni nini hasa?

Risasi ya kisasa ina sehemu nne: ganda, fataki kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa mbele. Ukivuta kifyatulio, pini inagonga fataki, fataki inatema cheche, baruti inawaka na kusukuma kichwa. Kiwandani maungio hayo yanabanwa vizuri, na mara nyingi yanazibwa kabisa, kwa hiyo risasi nzuri inavumilia hewa yenye unyevu kwa miaka mingi.

Shida kubwa iko kwa anayetunza vitu hivyo kimoja kimoja. Duniani wapo walenga shabaha wanaojaza maganda upya, na mwenye gobore ni ndugu yao: kila mlipuo anaujaza mwenyewe, baruti huku, fataki kule, gololi mfukoni. Hapo hakuna ganda la kukinga kitu. Baruti nyeusi inafyonza maji ya hewani na kushikana mabonge. Fataki ikilowa, ama inakataa kabisa ama inawaka kwa kusuasua.

Na huko kusuasua ndiko kunakoua. Risasi ikikataa kabisa, umepata hasara tu. Lakini ikiwaka nusu, kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu, na ukipiga ya pili mtutu unapasuka mbele ya uso wako. Au inachelewa: unasikia "ka!", kimya, unafungua bunduki kuchungulia, ndipo inalipuka. Ikikataa, acha mtutu umeelekea upande salama usio na mtu na usubiri walau dakika moja kabla ya kufungua. Kwa gobore subiri zaidi.

"Si nitazianika juani tu?"

Hili wazo si geni, na kuna jeshi zima lililowahi kulazimika kulifanyia kazi hapa hapa kwetu. Aprili 1915, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, iliingia Ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na silaha za jeshi la Lettow-Vorbeck. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaishambulia, nahodha akaizamisha kwenye maji mafupi, na Waingereza wakaondoka wakiamini kazi imeisha.

Haikuisha. Wapiga mbizi waliopoa mamilioni ya risasi zilizolowa maji ya chumvi. Ikabidi zifunguliwe, baruti itolewe ikaushwe, kisha zifungwe tena kwa mikono. Hata baada ya kazi yote hiyo, nyingi ziligoma. Zilijaribiwa fungu kwa fungu, na mafungu yaliyogoma sana yakaachwa kwa ajili ya mazoezi.

Wale walikuwa na mafundi wa silaha, na hawakuwa na njia nyingine ya kupata risasi. Wewe una jua la uani na watoto wanaocheza karibu. Baruti haikaushwi juani, wala kwenye oveni, wala kando ya jiko. Joto lenyewe linaiozesha baruti ya kisasa, hata kama ni kavu kabisa.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu

Acha baruti na fataki kwenye vifungashio vya kiwandani. Kopo la baruti limetengenezwa lipasuke kirahisi moto ukitokea. Ukiihamishia kwenye chuma kizito au chupa ya kioo umetengeneza bomu. Fataki na baruti zikae mbalimbali, zimefungiwa, mbali na paa la bati na ukuta unaovuja.

Risasi zilizokamilika zinafaa boksi lenye mpira kwenye mfuniko. Lifunge siku ya jua kali na hewa kavu, kwa sababu ukilifunga wakati mvua inanyesha unyevu unabaki ndani nao. Weka vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ila uvibadilishe, maana vikishiba maji vinakuwa pambo tu.

Mchele je? Najua umewahi kuzika simu kwenye mchele. Lakini mchele uliokaushwa vizuri bado una unyevu wa kama asilimia 13, na ukikaa Mngeta masika unavuta mwingine. Uache kwa ajili ya ubwabwa. Chumvi ndo usijaribu kabisa, inakula chuma. Na friji nayo hapana: ukiitoa risasi ya baridi kwenye joto la Kilombero, inatoka jasho kama chupa ya soda.

Ukikuta risasi zimeota kijani, ganda limepasuka, au kopo la baruti linatoa harufu kali ya asidi, moshi wa kahawia au vumbi kama la kutu, hizo zimeshakwisha. Usizichome, usizizike, usizitupe chooni, na usizipakie kwenye bodaboda kuzipeleka mjini. Waondoe watu hapo, kisha piga 112 au kituo cha polisi cha karibu, eleza zilipo na usubiri maelekezo. Kama ni za marehemu babu na hazina kibali, toa taarifa mapema: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali kwa risasi pia, si kwa bunduki peke yake.