Hitilafu za Hifadhidata katika Utafiti wa Kiswahili: Kujenga Upya Programu Huria kutoka Msimbo Chanzo

1.0 Utangulizi

Orodha za msamiati, methali zilizokusanywa uwandani na matini za kongoo siku hizi huhifadhiwa aghalabu katika faili moja ya hifadhidata ndani ya kompyuta ya mtafiti. Injini inayotumika sana kwa kazi hiyo ni SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 na kuachwa iwe mali ya umma. Mtafiti haioni injini yenyewe. Anachokiona ni kiolesura chake, kwa mfano DB Browser for SQLite, programu huria ambayo msimbo chanzo wake unapatikana kwa yeyote.

Makala hii inafafanua tatizo moja linalozuka pale data inapohama kutoka kompyuta hadi kompyuta. Faili iliyofunguka vizuri Kampala inakataa kufunguka Bujumbura, na ujumbe unaojitokeza unadai kwamba muundo wake umeharibika. Hofu inayofuata humsukuma mtafiti kutafuta programu za "kuokoa" data, na baadhi ya programu hizo huandika upya faili na kuacha nje kila kisichotambulika. Kazi ya miaka inaweza kupotea kwa namna hiyo ilhali faili ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kilichohitaji kutengenezwa ni programu.

2.0 Ujumbe unaopotosha

SQLite huhifadhi maelezo ya kila jedwali kama matini ya amri iliyoliunda. Faili inapofunguliwa, injini huzisoma upya amri hizo moja baada ya nyingine. Ikikutana na neno isilolijua, haisemi kwamba yenyewe ni ya kale. Husema "malformed database schema", yaani mpangilio wa hifadhidata una kasoro. Neno STRICT, linalolazimisha kila safu ya jedwali ipokee aina moja tu ya data, lilianza kutambuliwa katika toleo 3.37.0 la Novemba 2021. Mfumo wa Ubuntu 20.04 ulikuja na SQLite 3.31.1. Kwa hiyo jedwali lenye neno hilo, likipelekwa kwenye kompyuta yenye mfumo huo, litaonekana bovu hata kama hakuna baiti moja iliyoguswa.

Mfano wa pili unamhusu mwanaisimu moja kwa moja. Utafutaji wa matini katika SQLite hufanywa na moduli iitwayo FTS5, ambayo huikata matini vipande kabla ya kuitengenezea faharasa. Tangu toleo 3.34.0 la Desemba 2020, moduli hiyo ina kikataji kiitwacho trigram, kinachogawa matini katika vipande vya herufi tatu tatu zinazopishana: "anasoma" huwa ana, nas, aso, som, oma. Kwa lugha ambishi bainishi kama Kiswahili, faida yake ni kubwa, kwa kuwa mtafutaji wa "som" hupata anasoma, wamesoma, msomaji na somo bila kuorodhesha viambishi. (Vitenzi vya mizizi mifupi kama -la na -fa havinufaiki, kwani ombi lenye herufi zisizofika tatu halirudishi kitu.) Hata hivyo, kongoo iliyojengwa hivi ikifunguliwa kwa injini ya zamani hutoa jibu "no such tokenizer: trigram". Jibu hili angalau ni la kweli: kikataji hakipo.

3.0 Uchunguzi kabla ya ujenzi

Hatua ya kwanza ni kunakili, na kunakili kwenyewe kuna mtego. Hifadhidata inayotumia kumbukumbu ya maandishi ya awali huambatana na faili mbili zenye jina lilelile na viishio -wal na -shm. Faili ya -wal huweza kubeba maingizo ambayo bado hayajahamishiwa kwenye faili kuu. Anayenakili faili kuu peke yake huweza kuacha nyuma kazi ya siku nzima. Njia salama ni kuifunga programu kwanza, kisha kuchukua faili zote zilizobaki zenye jina hilo.

Nakala ikishapatikana, hufunguliwa kwa programu ya sqlite3 ya toleo jipya, ile ya amri za maandishi, na kupewa amri PRAGMA integrity_check. Jibu likiwa "ok", faili ni nzima na mjadala wa kuiokoa unakwisha hapo. Jibu likiwa orodha ya kasoro, ujenzi wa programu hautasaidia chochote na makala hii haihusiki.

Baadaye kiulizwe kiolesura chenyewe. Amri SELECT sqlite_version() hutaja toleo la injini iliyomo, na PRAGMA compile_options huorodhesha vipengele vilivyowashwa wakati wa kuijenga. Namba za matoleo huchanganya: DB Browser toleo la 3.12 si SQLite toleo la 3.12. Ni miradi miwili yenye hesabu mbili, na kufanana kwa namba hizo ni bahati mbaya tu.

4.0 Ujenzi wenyewe

Katika mifumo ya Linux, kiolesura kwa kawaida hakibebi injini yake. Huazima maktaba ya SQLite iliyomo katika mfumo. Ndiyo maana kusakinisha upya programu ileile kutoka ghala la mfumo hakubadilishi kitu.

Kazi huanzia kwenye injini. Msimbo wa SQLite hutolewa ukiwa umeunganishwa katika faili moja, sqlite3.c, yenye zaidi ya mistari 200,000. FTS5 imo humo, lakini anayeikabidhi faili hiyo kwa kompaila moja kwa moja hana budi kuongeza bendera SQLITE_ENABLE_FTS5, la sivyo moduli huachwa nje. Maktaba inayopatikana iwekwe katika folda yake, kwa mfano ndani ya folda ya mtumiaji. Kuibadilisha maktaba ya mfumo ni hatari isiyo na sababu, maana programu nyingine nyingi zinaitegemea.

Kinachofuata ni kiolesura. Msimbo wa DB Browser umeandikwa kwa C++ na unahitaji maktaba za Qt pamoja na CMake, chombo kinachopanga ujenzi. CMake huelekezwa kwenye folda ya injini mpya kwa kigezo CMAKE_PREFIX_PATH, kisha ujenzi huendeshwa.

Hapa ndipo wengi hukwama. Ujenzi hukamilika bila kosa lolote, programu hufunguka, na ujumbe uleule wa zamani hurudi. Sababu ni kwamba maktaba hutafutwa mara mbili: mara ya kwanza programu inapojengwa, na mara ya pili kila inapowashwa. Programu iliyojengwa kwa injini mpya huweza kuazima ya zamani inapowashwa. Amri ldd huonyesha ni maktaba ipi inayochukuliwa hasa, na SELECT sqlite_version() ndani ya kiolesura huthibitisha. Njia ya maktaba ikirekebishwa, kongoo hufunguka. Kwa kweli, pale ambapo toleo la kiolesura lenyewe halina upungufu, kuelekeza njia hiyo kwenye injini mpya huweza kutosha bila kukijenga upya. Anayejua hivyo hujiokolea mchana mzima.

5.0 Yasiyotibiwa na ujenzi

Si kila jibu baya la hifadhidata linatokana na toleo. Kikataji cha kawaida cha FTS5, unicode61, huhesabu herufi na tarakimu kuwa sehemu za neno, na alama nyingine kuwa mipaka. Kwa hiyo "ng'ombe" hukatwa kuwa "ng" na "ombe", na orodha ya marudio ya maneno hupata neno "ombe" ambalo halimo katika kamusi yoyote. Kikataji hicho pia huondoa alama za juu ya irabu kisipoambiwa vinginevyo, jambo lisilomgusa mtafiti wa Kiswahili lakini linalofuta alama za toni katika data ya Kirundi au Kinyarwanda. Kigezo remove_diacritics kikiwekwa 0, alama hubaki.

Kwa ng', kigezo tokenchars huruhusu kibainishi kihesabiwe kuwa sehemu ya neno, ingawa nacho hugandisha alama za nukuu moja kwenye maneno yaliyonukuliwa. Suluhisho safi zaidi ni kuandika kibainishi kwa alama ya Unikodi U+02BC, ambayo huhesabiwa kuwa herufi, na kuhakikisha kwamba kila ombi la utafutaji linaandikwa kwa alama hiyohiyo. Hilo ni suala la kuingiza data, na ni rahisi kulishughulikia kabla ya matini ya kwanza kuingia kuliko baada ya matini elfu moja.