Rivolva za Kasongo na Rekodi Zake

Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likiongozwa na Francis Dhanis, liliingia Kasongo. Wenyeji wengi walikimbia na kuacha milango wazi. Daktari wa jeshi hilo, Mwingereza Sidney Hinde, baadaye aliandika yaliyokutwa katika majumba ya waungwana: tani 25 za pembe za ndovu, tani 10 au 11 za baruti, fataki kwa mamilioni, na bendera ya Wajerumani iliyotekwa upande wa Afrika Mashariki. Katika orodha hiyohiyo akataja jambo ambalo kila mpenzi wa silaha za kale hulisoma mara mbili. Alisema zilikutwa risasi za kila aina ya bunduki na kila aina ya rivolva ambayo pengine iliwahi kutengenezwa duniani.

Kukusanya rivolva nene za kale, yaani zenye tundu pana la mtutu, ni uraibu mkubwa Marekani, na Ulaya pia ina watu wake. Majarida yao yamejaa sifa za kabati la fulani na ghala la fulani. Lakini mimi sijakutana na mkusanyaji aliyesifiwa kama Hinde alivyousifu mji huu wa kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo katika mkusanyo huu wa rekodi naanzia Kasongo, kisha naenda kwingine.

Ghala lililochanganyika kuliko yote

Wafanyabiashara wa Kasongo hawakukusanya kwa ajili ya kupendeza macho. Silaha zilipanda kutoka Bagamoyo na Zanzibar kwa migongo ya wapagazi, zikapita Tabora, Ujiji na Kabambare, na pembe pamoja na watumwa wakateremka kwa njia ileile. Kilichofika kilikuwa kile ambacho viwanda na majeshi ya Ulaya yalitaka kukiondoa: bunduki za gumegume, magobore ya fataki, bunduki za kijeshi zilizopitwa na wakati, na bastola za mitindo ambayo hata mafundi wake walikuwa wameiacha. Ndiyo maana risasi zilikuwa za kila namna. Mji uliotegemea shehena kama hizo uliweka kila kitu, kwa sababu hakuna aliyejua bunduki ipi ingefika mwezi ujao.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliozuia kuingiza silaha za kisasa katika eneo lililoanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliruhusiwa kwa masharti. Rivolva na bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu zilitaka kibali. Miaka mitatu baadaye Kasongo ilionyesha jinsi katazo hilo lilivyokuwa limechelewa.

Maonyesho mashuhuri kuliko yote

Oktoba 1876 msafiri Henry Morton Stanley alipita Kabambare, akafika kwa Mwana Mamba, jirani na Kasongo, na huko akakutana na mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Tippu Tip mwenyewe aliyasimulia mazungumzo yao katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Stanley alimwonyesha bunduki inayotoa risasi 15. Tippu Tip akauliza zinatoka katika mitutu mingapi, akaambiwa mmoja tu. Hapo akajibu kwamba huko mto Rumami kuna upinde mmoja unaorusha mishale 20 kwa pamoja, na kila mshale unaua mtu.

Stanley akasimama, akatoka nje, akapiga mara 12. Kisha akashika bastola, akapiga mara sita. Akarudi akaketi barazani.

Naipenda sana habari hii kwa sababu imeandikwa na aliyekuwa akitazama, tena mtu aliyejulikana kwa mlio wa bunduki. Tippu Tip alieleza kwamba jina lake lilitokana na sauti ya bunduki zake vitani. Mtu kama huyo akaomba aonyeshwe jinsi risasi zinavyotiwa! Ili kuelewa mshangao wake inafaa kukumbuka kazi ya gobore: unamimina baruti mdomoni, unaingiza kitambaa na risasi, unashindilia kwa mdeki, unainua nyundo, unaweka fataki, ndipo unalenga. Ukikosa, unaanza upya. Wakati mwenye gobore hajachomoa mdeki, mwenye rivolva amekwisha kupiga sita.

Mkutano ule ulikuwa na matokeo. Tippu Tip alikubali kumsindikiza Stanley kuufuata mto Lualaba, na safari hiyo ilifungua njia waliyokuja kuitumia watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Bastola nzito kuliko zote, ingawa haikupigwa

Mmisionari na msafiri David Livingstone alikaa Kabambare, ambayo katika shajara zake aliiita Bambarre, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, na huko alisumbuliwa na vidonda vya miguu. Kisha akaenda Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake. Wengine walipigwa risasi, wengine wakazama mtoni wakikimbia. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400.

Livingstone aliandika kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kuwapiga wauaji kwa bastola. Dugumbe, mkubwa wa wafanyabiashara pale, akamzuia asijiingize katika kisasi cha damu. Bastola ikabaki mahali pake, naye akaandika aliyoyaona juu ya karatasi za magazeti ya zamani, kwa wino wa kubahatisha, kwa sababu karatasi zilikuwa zimemwishia. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliamsha hasira iliyosaidia kulifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Kwa maoni yangu, katika silaha zote za mkononi zilizopita Maniema, hakuna iliyofanya kazi kubwa kuliko kalamu ya siku ile.

Nene, nzito, ghali

Sasa nje ya Maniema, kwa haraka zaidi.

Mama wa rivolva zote nene ni Colt Walker ya mwaka 1847. Kipenyo chake ni milimita 11, uzito wake umepita kilo mbili, na ziliundwa karibu 1,100 tu. Kapteni Samuel Walker, aliyeshirikiana na Samuel Colt kuibuni, aliuawa vitani Meksiko Oktoba mwaka huohuo. Inasifiwa kuwa bastola yenye nguvu kuliko zote zilizouzwa hadi ilipotoka Magnum ya .357 mwaka 1935. Anayeipiga leo anajaza tundu moja baada ya jingine kwa baruti nyeusi na risasi ya duara, kisha anapaka mafuta juu ya kila tundu ili cheche isiruke na kuwasha matundu yote kwa pigo moja. Moshi unafunika shabaha, mkono unarushwa juu, na harufu ya kiberiti inabaki nguoni. Wapenzi wake wanasema huo ndio mtego wenyewe: ukishazoea kazi hiyo ya taratibu, bastola ya kisasa unaiona haina ladha. Ukiwa na moja unatafuta kalibu ya kuyeyushia risasi, halafu mkoba wake wa zamani, halafu ya pili ifanane na ya kwanza.

Mwaka 1955 Smith & Wesson walileta .44 Magnum, na mwaka 2003 wakaleta Model 500 yenye kipenyo cha milimita 12.7 na risasi tano tu. Ile yenye mtutu mrefu ina uzito wa kilo mbili na ushee, sawa na Walker. Miaka 156 ya ufundi imeongeza nguvu mara nyingi, lakini mkono wa binadamu haukukubali uzito zaidi.

Ubelgiji, iliyokuja kuitawala Maniema, ilikuwa na ndugu Nagant wa Liège, mafundi wa silaha. Rivolva yao ya mwaka 1878 ilipokewa na jeshi la nchi hiyo. Ile ya mwaka 1895, iliyochukuliwa na Urusi, ina matundu saba, na silinda yake husogea mbele kuubana mtutu ili moshi usivuje. Kwa usanifu, hiyo ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, ingawa risasi yake ni nyembamba.

Kwa kasi, Mmarekani Ed McGivern alipiga risasi tano kwa sekunde 0.45 mwaka 1932. Mwaka 1999 Jerry Miculek alipiga sita, akajaza upya, akapiga sita nyingine, yote kwa sekunde 2.99. Kwa bei, rivolva ya Colt aliyoitumia sherifu Pat Garrett kumuua jambazi Billy the Kid iliuzwa mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni sita. Walker moja ilifikia dola 1,840,000 mwaka 2018.

Wanunuzi hawalipi chuma. Wanalipa habari iliyoandikwa, inayothibitisha bastola ilikuwa mkononi mwa nani na siku gani. Kwa kipimo hicho, bastola ile iliyopigwa mara sita mbele ya Tippu Tip ingestahili kuwa juu sana.

Kabambare na leo

Januari 1894 kombora la mzinga wa Krupp liliwasha ngome ya Rumaliza, mkuu wa wafanyabiashara aliyekuwa bado anapigana, na kabla mwezi haujaisha jeshi la Leopold lilikuwa limeingia Kabambare. Hapo ndipo enzi ya ghala la Kasongo ilipokwisha. Yaliyofuata chini ya Leopold hayakuwa uhuru.

Leo katika wilaya za Kasongo na Kabambare sijasikia chama cha kukusanya rivolva, na haishangazi. Pande za Salamabila, kwenye dhahabu, makundi ya wapiganaji wa Mai-Mai yamewatesa watu kwa miaka, na silaha mkononi mwa raia inaleta hofu. Sheria ya Kongo kuhusu silaha ni ya mwaka 1985, nayo inataka kibali. Sitamani uraibu wa kupiga risasi uingie Kasongo. Anayetaka kulenga shabaha kwa amani ana viwanja vilivyosajiliwa kama kile cha Kirigiti, Kiambu, nchini Kenya.

Lakini kukusanya historia ni jambo jingine. Wanaakiolojia wamekwisha kuchimba Tongoni, mahali pa Kasongo ya kale, na kuonyesha kwamba ardhi ile bado ina mengi. Watawala wa jimbo la Maniema huko Kindu wangefanya vyema kutenga hata chumba kimoja mjini Kasongo kwa ajili ya vitu hivyo. Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna gobore bovu la babu, mdeki, pembe ya baruti au maganda ya risasi za zamani, usimpe mhunzi ayafue majembe, wala usijaribu kuyapiga. Wajulishe wakuu wa serikali kama sheria inavyotaka, yapigwe picha, na mzee anayejua yalitoka wapi aandikiwe maneno yake sasa, angali hai.