Mbwa haulizi umeleta nini

Yaya yangu alirudi kutoka shantie siku moja ya jumanne, saa kumi na moja ya jioni, mvua ikiwa imetoka kukatika. Alikuwa amekaa miezi mine na nusu upande wa Bafwasende, kwenye mashimo ya dhahabu. Toleka ilimwacha kwenye kona, akaingia kwa miguu katika parseli yetu ya Mangobo na mfuko moja mgongoni.

Nieleze namna tulivyompokea, kwani ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mama alimwangalia mikono. Mke wake aliangalia mfuko. Watoto walisimama mlangoni wakingojea biskuti. Na mimi, sitajificha, kabla ya kusema karibu nilimwuliza: « Yaya, kule namna gani? Ilitoka? » Aliyempokea yeye mwenyewe, na matope yake na kuchoka kwake, ni Bobi, mbwa wetu mwekundu. Alilia kama mtoto, akamzunguka mara tatu, akamlamba magoti, halafu akalala juu ya bote zake zenye maji. Ndipo yaya akacheka.

Usiku, tulipokuwa tunakula lituma na samaki, akasema pole pole, bila hasira: « Ni Bobi tu peke yake hakuniuliza nilileta nini. »

Hakuna mtu aliyejibu. Tuliendelea kula.

Wale wanaoishi na mchimbaji wanajua kitu kingine. Mtu anarudi nyumbani, lakini shimo linarudi naye. Siku tatu za kwanza yaya alikaa chini ya mti wa mwembe, macho wazi, lakini haoni mtu. Alikuwa anahesabu: deni la mkubwa wa shimo, yule wanayemwita PDG, sehemu ya wenzake, maji yaliyoingia chini, mshipa wa dhahabu ambao labda ulikuwa umebaki mita moja tu. Mtoto wake wa miaka sita alimweleza habari ndefu ya masomo, kisha akasimama katikati: « Baba, mi nasema na weye! » Yaya akashituka kama mtu aliyeamshwa. Mke wake alikuwa karibu, akipepeta mchele. « Njo vile anakuyaka, » akaniambia. « Mwili unafika, roho inabakia kule. »

Bobi yeye, akila, anakula. Akilala, amelala. Mtoto akipita karibu, anainua sikio moja, anaona ni mtoto, anashusha. Hana shimo la jana kichwani wala kilo ya kesho. Watu wengi wanasema mbwa anaishi hivyo kwa sababu hana akili, anasahau. Si kweli. Jioni ile Bobi alitambua mwendo wa yaya kabla hajafika mlangoni, na miezi mine na nusu ilikuwa imepita. Mwaka 2016, watafiti wa Budapest, huko Hungaria, walionyesha kwamba mbwa anaweza kukumbuka tendo ambalo mwenye kumfuga alifanya mbele yake, hata kama hakujua kwamba ataulizwa. Basi mbwa anakumbuka. Tofauti ni kwamba kumbukumbu haimtoi mahali alipo.

Sisi watu wa misitu hii tungepaswa kuwa wa kwanza kujua habari za mbwa. Mbwa wa Kongo ana jina kubwa duniani, zaidi ya wanamuziki wengine. Wafugaji wa Ulaya na Amerika wanamwita basenji: mbwa mdogo, mkia umejikunja, masikio yamesimama, na habweki kama mbwa wengine; sauti yake ni kama ya mtu anayeimba vibaya. Jina lenyewe linatoka katika neno la kudharau, lile lile la washenzi, ambalo wakubwa wa wakati wa ukoloni waliwabandika watu wa msituni. Jina la matusi likawa jina la mbwa wa bei kali! Mwaka 1937 walionyeshwa London, katika mashindano makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts, na watu walijaa kuwaona. Mwaka 1987 na tena 1988, wafugaji Waamerika walikuja kaskazini ya nchi yetu, wakati ilipoitwa Zaïre, kutafuta mbwa wengine wa damu hiyo.

Huko Ituri, wawindaji wa msituni wanamfunga mbwa kengele ya mti shingoni, kwa sababu yeye habweki na ndani ya majani hawawezi kumwona. Kengele inasema mbwa ako wapi: inalia mbio, inalia pole, inanyamaza. Mwindaji anayesikiliza kengele hiyo hawezi kuwaza deni. Akiwaza deni, mnyama amekwisha kupita. (Bobi wetu anabweka usiku kucha, kwa hiyo asijidanganye kwamba ni wa ukoo huo.)

Kwa mchimbaji jambo hili si la kupumzisha roho tu. Mvua zetu hazina mapumziko marefu, na mwezi wa kenda mpaka wa kumi na moja ni balaa. Udongo ukilowa, ukuta wa shimo unatoa ishara: ufa mdogo, vijiwe vinavyodondoka, maji yanayobadilisha rangi. Yaya alinieleza namna mwaka uliopita walitoka katika shimo kwa sababu mwenzao mmoja alisema tu: « Sikilizeni. » Walisikia mchanga unateremka. Dakika chache baadaye sehemu ya chini ikafunga. Wengine walikuwa na akili nyingi kuliko yule, aliniambia, lakini akili yao ilikuwa imekwisha kufika Kisangani, kwa mnunuzi, inauza. Yule mmoja alikuwa ndani ya shimo kweli.

Hapa lazima niseme na wale wanaoshika fundisho upande mbaya. Kuna namna ya « kuishi leo » ambayo tunaijua sana: kijana anapata jiwe, anateremka mjini, siku tatu ni bia, nguo, wanawake na marafiki wapya, siku ya ine anatafuta makuta ya kurudi shantie. Anasema: kesho ni ya Mungu. Lakini mtu huyo hayuko katika leo. Angalieni vizuri: anakunywa kusahau shimo la jana, na kuogopa shimo la kesho. Mbwa hakunywi kusahau. Tena mbwa halipi minerval ya mtoto, hanunui dawa ya malaria. Makuta ya shule yatoke kwanza, yawekwe kwa mtu wa kuaminika, halafu ndipo ukae chini ya mwembe. Sioni ubishi hapo.

Na kukaa huko chini ya mwembe kuna faida inayopimika. Mwaka 2015, watafiti wa Japani wakiongozwa na Miho Nagasawa waliwaweka watu na mbwa wao pamoja kwa nusu saa. Wale waliotazamana macho kwa macho kwa muda mrefu, mtu na mbwa wote wawili, iliongezeka mwilini mwao oksitosini, ile ile inayofanya kazi kati ya mama na mtoto anayenyonya. Kwa mbwa-mwitu waliolelewa na watu hawakuona hivyo. Maana yake ni kwamba kumtazama mnyama wako bila kufanya kitu kingine si uvivu.

Lakini mbwa wa kupenda ni mbwa wa kuchanja. Kichaa cha mbwa kinaua, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu karibu 59.000 kila mwaka, na karibu wote wamepata ugonjwa kwa mbwa. Karibu ine katika kumi ni watoto chini ya miaka 15. Ugonjwa ukikwisha kuonyesha dalili, hakuna dawa tena. Basi mbwa akimuuma mtoto, hata kidogo, hata kama ni mbwa wa nyumbani: osha kidonda na maji mengi na sabuni dakika 15 kamili kwa saa, halafu mpeleke hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usiweke majani, usiweke mafuta, usingojee kuona mbwa atakuwa namna gani. Huko shantie mbwa wanazunguka bila mwenyewe, na hospitali iko mbali. Kwa hiyo wakubwa wa mashimo wangejua mapema ni wapi chanjo inapatikana, kabla ya mtu kuumwa.

Yaya alibaki nyumbani wiki tatu. Kitu hakikubadilika siku moja. Lakini wiki ya pili nilimkuta saa ya asubuhi amekaa juu ya kiti kidogo, anamtoa Bobi kupe, moja moja, na mtoto wake ameshika kopo lenye petroli la kutupia. Mtoto alikuwa anahesabu kwa sauti. Walipofika kumi na saba akakosea, akarudia kumi na sita. Yaya akamwambia: « Hapana, papa, kumi na saba tulishaipita. » Alikuwa anafuata.

Siku ya kuondoka mke wake alimfungia chikwange na samaki ya moshi. Safari hii mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamwangalia, hakusema habari ya dhahabu. Bobi alifuata toleka mpaka kwenye barabara kubwa, akasimama, akanusa njia kidogo, akarudi nyumbani kwa sababu mtoto alikuwa amemwita.