Baba wa kwenye karatasi na baba wa simulizi

Mzee wa Bungoma akifariki na kuacha shamba Kitale, jamaa zake huenda kwa chifu kutafuta barua ya kuwatambulisha warithi mahakamani. Hapo ndipo karatasi na kumbukumbu hukosana: kitambulisho kinasema hivi, shangazi anasema vile. Nani mwongo? Aghalabu hakuna. Kila upande una lugha yake.

Chukua neno 'baba'. Kwa Wabukusu, ndugu wa baba ni baba pia. Kijana aliyelelewa na baba mdogo kwenye shamba la mzungu huko Trans Nzoia, karani alipomuuliza jina la baba, alimtaja mlezi wake. Hakudanganya. Ila fomu ilikuwa na nafasi moja tu, na leo wajukuu wanagombania mstari huo.

Pili, umri. Wazee wengi waliandikiwa mwaka wa kukadiria. Jina huweza kudokeza msimu: Wafula ni wa mvua, Wekesa wa mavuno, Simiyu wa kiangazi. Lakini tahadhari! Huenda mtoto alirithi tu jina la marehemu. Ushahidi mzito zaidi ni rika la tohara. Wabukusu wana marika manane yanayozunguka, na hutahiri katika miaka ya shufwa. Wa Nyange walitahiriwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha wakaja Maina. Basi kitambulisho kikidai mzee wa Nyange alizaliwa 1955, kilichokosea ni kitambulisho.

Tatu, jina la kabila. Serikali ya kikoloni iliwaandika Wabukusu kama 'Kitosh', jina walilopewa na majirani. Anayetafuta 'Bukusu' peke yake kwenye majalada ya zamani huenda akatoka mikono mitupu, kumbe babu yake yumo humo humo.

Kwa hivyo, usiulize tu, "Baba yake ni nani?" Uliza: nani alimzaa, nani alimlea, mamake alitoka ukoo gani, alitahiriwa na rika lipi? Andika majibu kwa Lubukusu kama yalivyotamkwa, pamoja na jina la msimulizi na tarehe. Karatasi iliyoandikwa wakati wa tukio iaminiwe kuhusu tarehe. Kuhusu nani ni nani kwa nani, msikilize shangazi kwanza. Na umuulize angali hai, kabla swali hilo halijafika mbele ya hakimu.