Kuipima Hesabu Kubwa kwa Tisa

Wasikilizaji, sensa ya mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa Tanzania nzima, Bara na Zanzibar, ilikuwa na watu 61,741,120. Katika hao wanaume walikuwa 30,053,130, na wanawake 31,687,990. Mtu wa Bungu, huko katika milima ya Usambara, hawezi kuwahesabu wote mwenyewe. Lakini hesabu hiyo aweza kuipima kwa chaki na kibao.

Kwanza na atazame mwisho wake. Kwa kuwa yaishia sifuri, yagawanyika kwa 2, kwa 5 na kwa 10. Tarakimu tatu za mwisho ni 120, nazo zagawanyika kwa 8. Basi hesabu nzima yagawanyika kwa 8, maana kila elfu nayo yagawanyika kwa 8.

Sasa na ajumlishe tarakimu zote: 6, 1, 7, 4, 1, 1, 2 na 0 ni 22, tena 2 na 2 ni 4. Hiyo 4 ndiyo baki tukiwagawanya watu wote kwa 9. Sababu yake ni hii: kumi ni 9 na 1, mia ni 99 na 1, elfu ni 999 na 1. Kila fungu tukiliondolea tisa zake, husalia tarakimu yenyewe tu.

Wanaume hutupa 15, yaani 6. Wanawake hutupa 43, yaani 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Ndiyo baki ile ile ya jumla. Lau karani angaliandika 61,741,130, tungalipata 5, na kosa lingalijulikana papo hapo.

Lakini angalieni: aliyegeuza 41 kuwa 14 hanaswi kwa njia hii, kwa sababu tarakimu ni zile zile. Kipimo hiki chaweza kukataa uwongo. Hakiwezi kuapia ukweli.

Hata hivyo faida yake si ndogo. Mkulima apelekaye mazao mizani mara nyingi kwa msimu hupewa stakabadhi nyingi, na mwisho huonyeshwa jumla moja tu. Na aondoe tisa katika kila stakabadhi, kisha katika jumla. Baki zisipolingana, pana kosa, nalo ni mali yake: ana haki ya kuomba daftari lifunguliwe na hesabu ifanywe upya mbele yake.