Baada ya Kutoka Mulago

Mwaka 2023 polisi wa Uganda walihesabu watu 4,806 waliokufa katika ajali za barabarani, na pikipiki zilichukua fungu kubwa katika hesabu hiyo. Waliokufa wana daftari lao, na majeruhi wana lao. Asiyeandikwa popote ni yule aliyefunga kibanda chake cha nyanya pale soko la Kalerwe, Kampala, akaenda kukaa kando ya kitanda cha mwendesha boda boda aliyepigiza kichwa kwenye lami bila kofia ngumu. Mara nyingi ni mama, mke au dada. Ninachotaka kusema ni kwamba afya ya akili ya mtu huyo anayeuguza ni sehemu ya tiba ya ubongo ulioumia, na kwamba wakati wa kuishughulikia hasa si zile wiki za wodini. Ni miezi baada ya mgonjwa kuruhusiwa, majirani wakiwa wameshampa mkono wa pongezi na kila mtu akiamini kuwa yamekwisha.

Tuanze na wodi hata hivyo, kwa sababu watu wengi hawajui kazi inayofanyika pale. Katika hospitali za serikali za Kampala, Mulago ikiwa ya kwanza, wauguzi ni wachache mno kwa idadi ya vitanda, na kazi ya kumtunza mgonjwa asiyejitambua humwangukia ndugu. Analala kwenye mkeka chini ya kitanda. Anauchuja uji ili usizibe mpira wa puani, anauingiza polepole kwa bomba la sindano, anamgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia, anamwosha, anafua mashuka. Ada katika hospitali za umma iliondolewa mwaka 2001, lakini dawa ikikosekana stoo yeye ndiye anayeandikiwa karatasi kwenda kuinunua nje. Akilegea, chakula huingia mapafuni au kidonda huoza, na mgonjwa aliyeokolewa na daktari wa upasuaji hufa kwa jambo ambalo halikuhitaji daktari wa upasuaji kulizuia. Kwa hiyo kumwita mtu huyu mgeni wa mgonjwa ni kumdhulumu. Ni mtumishi wa hospitali asiye na mshahara, asiye na zamu na asiye na wa kumpokea.

Pamoja na hayo, wodini hayuko peke yake. Ndugu wanakuja na matoke, padri au imamu anapita, na mama wa kitanda cha pili anamwangalizia mgonjwa wake akienda kuoga. Upweke unaanza nyumbani. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, huumia kirahisi kichwa kinapogonga, kwa sababu mifupa ya ndani ya fuvu mahali hapo ina kingo kali. Ndiyo inayomzuia mtu asiseme kila linalomjia, inayompangia siku yake, inayomfanya atambue kuwa mwenzake kaumia. Ikijeruhiwa, mtu anaweza kutembea, kula na kusalimia wageni vizuri kabisa, halafu akavunja sahani kwa sababu mtoto amelia. Anauliza kitu kilekile mara sita asubuhi moja. Anapewa pesa ya mkaa, anarudi na redio. Gumu kuliko yote ni kwamba wengi wao hawaoni kuwa wamebadilika, maana uwezo wa kujitazama nao umeumia. Basi mke anabaki shahidi wa pekee, na akisema anaonekana mlalamishi asiyemshukuru Mungu kwa kurudishiwa mume.

Haya si makisio. Mwaka 1986 Neil Brooks na wenzake wa Glasgow, Uskochi, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mitano ndugu wa watu walioumia vibaya kichwani. Mtu angetarajia mzigo upungue kadiri majeraha yanavyopona. Waliona kinyume chake: mwaka wa tano ndugu walikuwa wameelemewa kuliko mwaka wa kwanza, na karibu robo tatu yao walisema mtu wao amebadilika tabia. Kilichowaelemea kuliko mguu uliolemaa au ulimi mzito ni hasira, usahaulifu na ugeni wa mtu waliyemjua. Najua Glasgow si Kampala. Lakini ubongo ni uleule, na Mskochi yule alikuwa na daktari wa familia na posho ya serikali, vitu ambavyo mama wa Kalerwe hana. Sioni sababu ya kudhani kwamba mzigo wake utakuwa mwepesi zaidi.

Mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani, Pauline Boss, ameandika kwa miaka mingi kuhusu huzuni ya kumpoteza mtu ambaye bado yupo. Kwetu jambo hili lina ukali wake, kwa kuwa jamii zetu zinajua sana kuomboleza. Mtu akifa kuna matanga, kuna michango, kuna watu wa kulala nawe usiku. Aliyebaki na mume asiye yule aliyemwoa hana matanga wala ruhusa ya kulia.

Hapa atasimama msomaji aseme kwamba Afrika tuna ukoo, na mzigo wa mmoja ni wa wote. Ni kweli kwa wiki chache. Baada ya hapo shemeji anarudi Mbarara kwenye shamba lake, nauli inawashinda waliobaki, na kazi inatua kwa mmoja, ambaye huchaguliwa si kwa nguvu zake bali kwa kuwa ni mwanamke na yupo karibu. Ukoo ukishajua kuna mtu pale, unapumua. Mwingine atasema sonona ni ugonjwa wa Wazungu. Huyo anajibiwa na wilaya za Masaka na Rakai. Watafiti walikwenda huko, wakawauliza watu kwanza, kwa Kiluganda chao, wanavyoyaita mateso ya moyo, wakakuta maelezo yanayofanana sana na sonona ya vitabuni. Kisha wakaunda vikundi katika vijiji, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa muda mfupi, vikikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliobaki na sonona kamili katika vikundi walikuwa asilimia 6.5, na vijijini ambako havikuwapo asilimia 54.7.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la umaskini. Kwamba mama huyu hahitaji mazungumzo, anahitaji kodi ya nyumba na dawa za kifafa ambacho wakati mwingine hufuata jeraha la kichwa. Nalikubali kwa sehemu kubwa. Muswada wa bima ya afya uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haujawa sheria, na familia inaweza kuuza kiwanja kwa ajali moja. Ila wale wa Masaka na Rakai nao walikuwa maskini, kikundi hakikuwagawia hela, na bado walipata nafuu. Mtu aliyezama katika sonona hata pesa akipewa huchelewa kuamka kwenda kununua dawa. Fedha na faraja vyote vinatakiwa, na kukosekana kwa kimoja si sababu ya kunyima kingine.

Wataalamu nao hawatoshi; madaktari wa magonjwa ya akili hawafiki mia moja kwa nchi ya watu karibu milioni 46, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika haiwezi kubeba kila kitu. Lakini Kampala ilishawahi kukwama hivi ikajikwamua. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo aliyefanya kazi Mulago, akiwa amefiwa na mumewe kwa ukimwi, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi na familia zao, pamoja na wenzake wachache. Dawa za kuzuia virusi hazikuwa zimefika Uganda. Walichokuwa nacho ni kukaa pamoja, kusikilizana, na washauri waliokwenda hadi nyumbani kwa mgonjwa wakaongea na waliomtunza pia. Sidhani kama jeraha la ubongo linahitaji kitu kigeni kuliko hicho.

Kadi ya kliniki ya mgonjwa inatosha kwa kuanzia. Iongezewe mstari mmoja wa jina la anayeuguza na namba yake, apigiwe simu mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na siku ya kliniki aulizwe maswali machache: Unalala? Kuna anayekupokea hata nusu siku? Amewahi kukupiga? Umewahi kutamani usiamke? Akijibu ndiyo kwa lile la mwisho, asiachwe aondoke na karatasi tu. Apelekwe kwa mhudumu wa afya ya akili siku hiyohiyo. Na aulizwe akiwa peke yake, mgonjwa akiwa nje na mtu mwingine, kwa sababu hakuna mama atakayesema mbele ya mwanawe kwamba amechoka naye, wala mke atakayeonyesha alama za mkononi huku aliyemtia ameketi pembeni yake.