Je, tunausikia kweli mwili wetu?

Mzee mmoja wa kanisa letu aliacha kunywa vidonge vya presha. Nilipomuuliza sababu, alinijibu: "Pasta, mwili wangu naujua mwenyewe. Presha ikipanda nitasikia."

Wapendwa, wengi wetu tungejibu vilevile. Hata lugha yetu inatuelekeza huko: tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia maumivu, kana kwamba tuna masikio ya ndani. Wako watafiti waliojiuliza kama masikio hayo yanaweza kupimwa.

Mwaka 1981, Rainer Schandry wa Ujerumani alitangaza kipimo chepesi. Mtu anakaa kimya na kuhesabu mapigo ya moyo wake bila kujishika mkono wala shingo. Mashine nayo inahesabu. Tuseme mashine imepata 40, mtu amepata 30. Tofauti ni 10. Ukiigawa kwa 40 unapata 0.25; ukiitoa katika 1, alama yake ni 0.75. Anayekaribia 1 ndiye anayehesabiwa kuwa msikivu.

Nilijaribu nyumbani kwa nusu dakika, mke wangu akinishika mkono na kutazama saa. Yeye alipata 36. Mimi nilipata 21, na hata hizo sina hakika nazo zote.

Hapo ndipo penye shida. Anayejua kwamba moyo wa mtu aliyetulia hupiga kama mara 70 kwa dakika anaweza kukisia kwa kufuata muda tu, bila kusikia kitu. Mwaka 2018 watafiti wa Louvain, Ubelgiji, waliwaambia watu wahesabu yale mapigo waliyoyasikia tu, wasikisie. Hesabu zilishuka sana.

Huko Uingereza, Sarah Garfinkel na wenzake walitenganisha mwaka 2015 mambo matatu tunayoyachanganya: mtu anasikia kwa usahihi gani, anajiamini kiasi gani kwamba anasikia, na kama kujiamini huko kunalingana na usahihi wake. La pili hupimwa kwa maswali, kama yale 32 ya Wolf Mehling na wenzake ya mwaka 2012. Yana faida, lakini yanaonyesha mtu anavyojiona. Jambo la tatu ndilo linalomgusa mzee wetu.

Tena presha ni ngumu kuliko mapigo, kwa sababu mara nyingi hupanda bila kutoa ishara yoyote. Hata mwenye alama 1 katika kipimo cha Schandry asingeijua kwa kusikia.

Nilimwomba mzee twende pamoja kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimfunga kipimo mkononi, akamuuliza: "Baba, unajisikia namna gani leo?"

"Vizuri kabisa."

Kipimo kilionyesha 180 kwa 110. Mzee alikitazama kwa muda, kisha akaomba apimwe mkono wa pili.